Nilimwokoa mama yangu bila yeye kujua, sasa nateka maji saa kumi alfajiri

Wakuu, niungame kabisa kabla hamjaanza kunitukana: nilimwandikisha mama yangu kanisani kwamba ameokoka. Yeye hakuwepo. Hakuambiwa. Siku hiyo alikuwa nyumbani anakoroga komoni, pombe yetu ya kienyeji.

Anayetafuta chai aende jukwaa lingine. Hapa ni ukweli mtupu, na goti bado linauma.

Nipo form three, shule ya kata, nakaa kitongoji kimoja huku pembeni ya Mwamkulu, Mpanda. Jina la kitongoji nalificha maana mama ana simu ya kupangusa siku hizi.

Sasa iko hivi. Kwetu huku kila kitu ni kanisa. Chekechea, kanisa. Zahanati, kanisa. Maji, kanisa, lile la walokole, wana kisima cha pampu ya sola. Koki ya serikali ipo, ilikatiwa utepe na tukapiga makofi. Siku hizi watu wanaanikia nguo pale.

Kisima cha kanisa wanateka wote, hawabagui. Ila kuna mistari miwili. Mstari wa wapendwa, yaani wale waliookoka wakaandikwa kwenye daftari, unafika saa kumi na mbili na nusu na unaondoka na maji. Mstari wetu wengine unapanga ndoo saa kumi alfajiri, na kiangazi hiki tenki linaweza kukauka umebakiza watu wawili mbele yako.

Na mama anapika pombe, wakuu. Pombe ni maji. Anayeteka ni mimi.

Nilikuwa nalala darasani mpaka mwalimu wa jiografia akanitumia kama mfano wa volkano iliyolala.

Basi Jumapili moja nikaenda pale kanisani, nikamfuata shemasi wa daftari. Nikamwambia mama yangu amempokea Bwana.

"Yuko wapi?"

"Miguu inamsumbua, shemasi. Amempokea kupitia redio."

Shemasi akasema haleluya, akaandika. Nikapewa kadi ya kijani yenye mhuri. VIP!

Wiki tatu nililala kama mtoto wa mbunge. Mama mwenyewe akawa ananisifia kwa majirani, eti mwanangu siku hizi ana bidii, anawahi kurudi na maji. Mimi nainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba walokole wakipata muumini mpya lazima wamfuate nyumbani. Wanaita ufuatiliaji. Wanakuja na zawadi, wanaimba, halafu vitu vya maisha ya zamani vinatolewa nje. Kama ni hirizi inachomwa. Kama ni pombe inamwagwa.

Jumamosi, saa nane mchana. Jumamosi ndiyo siku ya kuuza. Pipa limejaa mpaka mdomoni, wateja kama kumi na mbili wamekaa kwenye kibanda. Pipa lile ndio unga wetu, mboga yetu, na daftari zangu za wiki nzima. Hakuna lingine.

Tukasikia pambio na kayamba. Wateja wakavua kofia, wakidhani ni msiba unapita.

Haukupita. Ukakata kona, ukaingia kwetu. Wamama nane na vitambaa vyeupe kichwani, mbele mama mchungaji, nyuma shemasi na daftari lake.

Nilikimbilia nyuma ya choo. Niliyoyasikia kutokea pale nayaandika kama yalivyo.

"Bwana asifiwe, mpendwa!" mama mchungaji akasema.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama akajibu. Sisi ni Wakatoliki wa Krismasi na Pasaka. "Karibuni. Nyie wote mnakunywa?"

"Tumekuja kukupongeza, mama."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuokoka!"

Mzee Luhende, mfugaji, mteja wetu wa tangu sijazaliwa, akaweka chini kata yake.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "umeokoka lini? Si juzi tu umenipimia na mkono wako huu huu?"

Mwingine akadakia: "Kama ni kuacha, aache kesho. Leo tumeshalipa."

Hapo nilikuwa nacheka nimejiziba mdomo. Kicheko kikakatika niliposikia shemasi anasema, "Usiogope mpendwa, mwanzo ni mgumu. Tutakusaidia kumwaga."

Nikachungulia. Shemasi kakunja mikono ya shati, kashika pipa upande huu. Mama kashika upande ule. Pipa linayumba. Povu linamwagika.

Nilitoka mbio, nikajikwaa kwenye jiwe la kufulia, nikaanguka kwa goti katikati ya kwaya.

"Mwacheni! Hajaokoka! Nimemwokoa mimi!"

Shemasi akanitazama. "Na ile redio?"

"Haina betri tangu mwaka jana."

Mama mchungaji akauliza taratibu, "Sasa mwanangu, kwa nini hukuandika jina lako?"

"Nilifikiria, mama. Nikaona mimi mtaniombea muda mrefu sana."

Wakuu, yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye benchi la walevi. Mzee Luhende akamsogezea nafasi.

Ila mzee naye akapata pa kuingilia. "Mama mchungaji, mimi niulize. Ng'ombe wangu nao waokoke ndio wanywe?"

Mama mchungaji akaacha kucheka. "Mzee wangu, tulichimba kisima cha kanisa. Sasa hivi kinanywesha vitongoji vinne. Pampu ni ile ile moja. Hiyo mistari hata mimi siipendi, ila niambie nikate wapi."

Mzee Luhende akaokota kata yake, akanywa.

Shemasi akachukua kadi, akafungua daftari, akalikata jina la mama kwa rula. Kwa rula, wakuu! Wakati wanaondoka mama akataka kurudisha sabuni na chumvi walizoleta. Mama mchungaji akakataa: "Kaa nayo. Sabuni haiulizi dhehebu."

Hukumu yangu: nimerudi mstari wa saa kumi, na kila Jumamosi nasugua sakafu ya kisimani, shemasi kasimama ananionyesha nilipobakiza.

Funzo ni hili. Ukiona maji yametoka, jua kuna mtu kayabeba. Wale walokole nilikuwa nawacheka, lakini wamebeba vitongoji vinne na pampu moja, na mimi nikaenda kuwaongezea mzigo ili nilale.

Nyie huko kwenu maji mnapewa na nani? Dondosheni comment. Matusi pia napokea, ila kwa mstari.

Mtauliza mama alifanya nini. Hakunichapa. Wageni walipoondoka alifunika pipa, akanigeukia, akasema hivi, neno kwa neno:

"Yaani nimeokoka wiki tatu nzima, na hukuniambia hata nikafurahi."