Somo la Kumwinua Mtu

Nyumba ile ilikuwa juu ya kilima, nje kidogo ya Kisarawe, na kuta zake zilipakwa udongo mweupe wa Pugu uliotuachia vumbi mabegani kila tulipoegemea. Wamisionari waliijenga kwa ajili ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza: vipofu, waliopooza, na wale ambao watoto wao walikwenda kukata mkonge wasirudi. Mimi niliingia pale kufua mashuka, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili kwisha. Baadaye nikafanywa mhudumu, na kazi ya kuwaogesha wazee, kuwalisha na kuwageuza kitandani nikaipenda kuliko nilivyotarajia.

Aliyetufundisha alikuwa sista mmoja Mzungu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kama ya mkulima. Kila mhudumu mpya alipitia kwake. Asubuhi moja alituita watu wawili barazani: mimi, na mhudumu mwenzangu, mwanamume aliyewahi kubeba majeruhi huko Burma wakati wa vita. Huyo tulimwita Afande, na mwenyewe alilipenda jina hilo.

"Mimi nakwenda likizo kwetu," sista alisema. "Wahudumu wapya watakuja nikiwa sipo. Mtawafundisha ninyi. Na hata nikirudi, mtaendelea ninyi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Sisi, Sista? Mimi hata shuleni sikufika mbali."

"Sitafuti mtu wa kuandika ubaoni. Natafuta mtu ambaye mzee akiita, yeye ndiye anayetajwa. Masista tunakuja na kuondoka. Walimu wa nyumba hii inafaa watoke humu humu."

Afande alibana visigino, akanyoosha kifua. Mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza nitaanzia wapi.

Wahudumu wapya walipofika, walikuwa kikundi kidogo cha vijana wa kike na wa kiume kutoka vijiji vya karibu. Niliwapanga kwenye mkeka, nikasimama mbele yao, nikaanza kuyamwaga maneno yote ya sista jinsi nilivyoyashika: mgonjwa ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda vya mgongo, maji yapimwe kwa kiwiko, mzee asilishwe akiwa amelala chali. Nilisema mpaka koo likakauka. Nilipotazama, kijana mmoja mnene alikuwa amelala huku ameketi, na wasichana wawili walikuwa wakisukana nywele kwa siri.

Afande akaona anisaidie. Akawapeleka kwenye kitanda cha bibi mmoja asiyeona, ambaye miguu yake ilikufa zamani lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

"Mikono chini ya mwili!" Afande alipaza sauti. "Tayari! Inua!"

Wakamwinua juu kwa mpigo mmoja.

"Niwekeni chini!" bibi alipiga kelele. "Mimi gunia la mihogo? Hata gunia, mwenyewe huwa anajua linapelekwa wapi! Mimi sijaambiwa kitu!"

Wodi nzima ilicheka, isipokuwa sisi walimu wawili.

Siku ile nilimsimulia shangazi yangu, ambaye nilikuwa nikikaa kwake, yeye akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Shangazi alikuwa kungwi. Wasichana wa mtaa wetu wote walipovunja ungo walipita mikononi mwake, na hakuna aliyetoka kwake hajui kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukuna.

"Mwali huwa namfundisha kwa hotuba?" akaniuliza.

"Hapana, shangazi. Kwa ngoma."

"Basi wewe hotuba umeitoa wapi?"

"Lakini wale kuna na wanaume. Mambo ya unyago sitayasema mbele yao."

"Nani amekwambia useme ya unyago? Nakwambia hivi: mtu afanye, na yeye afanyiwe. Halafu mpe wimbo. Akishaimba, hawezi kusahau hata akitaka."

Kesho yake sikusimama mbele ya mtu. Nilipanda kitandani, nikalala, nikalegeza mwili wote, nikawaambia wale vijana, "Leo bibi ni mimi. Nigeuzeni." Wakacheka, wakaogopa, wakanigeuza vibaya mpaka pua ikaingia kwenye mto. Nikaamka, nikawaambia nilivyosikia: mkono gani uliniumiza, wapi nilidhani naanguka. Kisha tukabadilishana, kila mmoja akawa mzee kwa zamu yake.

Yule kijana mnene nilimfunga macho kwa kanga, nikamwambia mwenzake amlishe uji. Kijiko kilimfikia hajajiandaa, uji ukamshuka kidevuni hadi shingoni.

"Dada, huyu ananilisha kama anaziba shimo la panya!" akalalamika.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini alipofunguliwa kanga alijifuta, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda kumlisha babu wa kitanda cha pembeni. Nilimfuata kwa macho. Aliketi, akamgusa babu mkono, akamwambia kuna nini bakulini na kwamba kijiko kinakuja. Tangu siku ile sikumwona tena akisinzia.

Wimbo niliutunga njiani nikienda kazini, kwa mahadhi ya kuitikiana kama ya ngoma zetu.

*Mwambie kwanza, mwambie,*
*mguse bega, ageuke,*
*piga goti, mkumbatie,*
*pumua naye, haya juu!*

Afande alipousikia mara ya kwanza alinuna. Alisema jeshini hakuna mgonjwa aliyeimbiwa. Lakini alikuwa na sauti nene ya kwaya, maana Jumapili aliimba kanisani kwao, na haukupita muda nikamsikia anaitikia chini chini. Na yeye alikuwa na ujuzi ambao sista hakuwa ametuonyesha: jinsi watu wawili wanavyofungamanisha mikono ikawa kiti, na jinsi ya kumbeba mtu mgongoni bila kuumia kiuno. Siku alipojitolea kubebwa yeye, wasichana wawili wembamba walipiga goti, wakaimba, wakamwinua Afande na ukubwa wake wote. Walipomrudisha kitandani kamba za kitanda zikakatika, akazama hadi sakafuni, miguu juu.

"Nani kaanguka?" bibi asiyeona akauliza.

"Afande, Bibi."

"Mwulizeni, gunia limepasuka?"

Afande ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko sote, akiwa bado yumo ndani ya fremu ya kitanda.

Toka hapo bibi tukamfanya mwalimu wa tatu. Wahudumu wapya walimwendea mmoja mmoja, naye akawaambia habari za mikono yao. "Wewe mikono baridi, kaiote jua kwanza." "Wewe una haraka, nani anakungoja?" "Wewe, mjukuu wangu, wewe njoo hata kesho." Waliokuwa wakiogopa ukali wake sasa walisubiri hukumu yake kama matokeo ya mtihani.

Sista aliporudi kutoka kwao alitukuta katikati ya somo. Alisimama mlangoni na kofia yake ya safari mkononi, akatazama mpaka wimbo ukaisha. Kisha akavua viatu, akaja, akalala kwenye kitanda cha mazoezi.

"Niinueni na mimi," akasema.

Wasichana wakamwambia, wakamgusa bega, wakapiga goti, wakamwinua. Alipokuwa juu mikononi mwao alifumba macho, na alipowekwa kitini uso wake ulikuwa mwekundu kwa furaha. "Miaka yote nimeinua watu," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza kuinuliwa. Sasa najua kwamba mnaweza." Siku hiyo hakufanya kazi nyingine. Aliketi na bibi, wakauimba ule wimbo pamoja, sista akiyakosea mahadhi na bibi akimrudisha.

Baadaye ikaja habari kwamba huko Soga kulikuwa na nyumba ndogo ya wazee karibu na reli, na wahudumu wake hawakuwahi kufundishwa na mtu. Sista akatutuma mimi na Afande. Tulishuka kwa miguu hadi stesheni ya Pugu, tukapanda gari la moshi, mimi na kanga yangu mpya na Afande amepiga pasi suruali mpaka inakata.

Kule Soga tulimkuta babu mmoja aliyefanya kazi ya reli ujanani mwake, amepooza upande mmoja, amegeukia ukutani. Wahudumu walisema hapendi kuguswa na hajatoka nje tangu aletwe. Hatukumgusa. Tulikaa na wahudumu wale kutwa nzima, tukawalaza, tukawalisha, tukawafundisha wimbo. Kesho yake nikamchagua msichana mmoja mkimya kuliko wote, nikamwambia aende yeye kwa babu, sisi tutakaa nyuma.

"Shikamoo, babu," msichana akasema.

"Marahaba," babu akajibu, bila kugeuka.

"Tunataka kukutoa nje upate hewa. Utapenda?"

Babu akauliza, "Gari la kutoka bara limeshapita?"

"Bado."

"Basi fanyeni upesi. Mnaongea mno."

Msichana akamgusa bega. Akapiga goti. Wenzake wakaanza kuimba kwa sauti za kutetemeka, na babu akainuka mikononi mwao kama mtu aliyezoea. Wakamketisha chini ya mkorosho, macho kwenye reli. Gari lilipotokea upande wa Ruvu, babu aliinua mkono wake mzima, na gari likapiga honi ndefu.

"Ananijua yule!" babu alipaza sauti. "Mmeona? Ananijua!"

Huenda dereva alikuwa anaipigia stesheni tu, sijui. Sote tulimpungia mikono hadi behewa la mwisho. Na nilipogeuka, yule msichana mkimya tayari alikuwa amewakusanya wenzake: "Usimvute kwapani, umeona alivyokunja uso? Kesho nataka wewe uanze, mimi niitikie."

Afande akaniinamia sikioni. "Hapa pana mwalimu," akasema. "Sisi twende zetu."

Njiani kurudi tuliimba behewani bila haya. Mama mmoja mwenye kapu la mananasi akatuuliza tunatoka harusi ya nani. Nikamweleza kazi yetu. Akasogea karibu.

"Mama yangu yuko kitandani huu mwezi wa pili," akasema. "Nikimgeuza analia, na mimi nalia."

Afande hakungoja kuambiwa. Akalala kwenye benchi, kofia kifuani, abiria wakasogeza mizigo yao kutupisha. Nikamwonyesha yule mama pa kuweka magoti na pa kuweka mikono, akamgeuza Afande mara ya kwanza, akamgeuza tena, na kufika Pugu behewa zima lilikuwa linaitikia.