Masuke Yaliyokuwa Juu ya Meko

Mimi nina shahada ya kilimo. Nalitaja hilo mapema ili ujue kosa hili halikufanywa na mtu asiyesoma.

Wiki ya sherehe ya kufuzu kwangu, nilitaka jiko la mama lipendeze. Juu ya meko, pale nyumbani Kendu Bay, palining'inia masuke ya mtama mwekundu yaliyojaa masizi. Uchafu gani huu! Nikayashusha, nikammwagia jogoo. Mama aliporudi kutoka kanisani alishika kichwa. "Yawa! Hiyo ndiyo mbegu!"

Mtama ule alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na ndio aliofungulia msimu kila mwaka. Kwetu Waluo, mama mwenye boma hupanda kwanza; kabla yake, wake za wanawe hawatii mbegu ardhini. Nikamshauri kitaalamu anunue mbegu chotara dukani. "Simjui baba yake," akanijibu.

Mvua ikaanza. Wake za kaka zangu wakawa wanapita mlangoni kwake na majembe, wanamsalimia kwa adabu inayochoma. Ndipo nikakumbuka bustani moja ya tangu enzi za mkoloni, upande wa Rongo, ambako huzalisha mbegu mpya kwa kuchanganya za zamani. Nikampeleka mama. Nilijiona mkombozi, sikufichi.

Kila tuta lilikuwa na kibao: namba ya baba, namba ya mama. Mama alivisoma vyote, polepole. "Watoto wote hawa," akasema, "na hakuna hata mmoja mwenye jina."

Ofisa wa mbegu, mwanamke mpole wa makamo, akafungua kabati la kadi za mbegu walizokusanya zamani. Kadi ilikuwepo, imeandikwa kwa wino uliofifia: mtama mwekundu, Kendu Bay. Mama akanishika mkono, mara ya kwanza tangu siku ya jogoo. Nusura nilie kwa furaha.

"Kadi tunayo," ofisa akasema. "Mbegu yenyewe iliharibika friji ilipokufa. Tumetafuta sana nyumba ambayo bado inayo. Mama, huna hata kiganja kimoja?"

Mama akauachia mkono wangu.

"Muulize huyu msomi. Ya mwisho alimpa jogoo. Jogoo tukamchinja kwenye sherehe yake, na paja akala yeye."

Ofisa hakucheka. Alichukua kalamu, akaigeuza ile kadi, akaniuliza siku ya jogoo ilikuwa tarehe ngapi.