Steringi Hafi, Ila Je, Hurudi?

Mie mtu wa nyumbani. Nikifika stendi tu, natamani kugeuza. Ndiyo maana nilipokwenda Kondoa mwezi uliopita nilishinda barazani kwa shangazi, nachezea simu. Mara ikajitokeza ile picha ya Kihindi ya utotoni, sinema ya rangi nyeusi na nyeupe. Moyo ukanipasuka kama wa mtoto aliyevunja chungu cha watu.

Waikumbuka enzi ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa? Jirani yetu wa hapohapo mwenye duka alileta deki ya video na televisheni, mtaa mzima ukajifunza karate. Picha hii hakuna aliyeitaka. "Haina hata ngumi moja," walisema, "hayo mahubiri." Tukabaki mimi na shangazi, baada ya alasiri, jenereta likinguruma uani kwa jirani, yeye na ungo wake wa mlenda. Steringi, yule shujaa wa picha, anapanda treni. Mchumba wake anabaki stesheni, na kila honi ikilia anajitanda ushungi upya. Basi. Hakuna mvua wala kukimbizana bustanini. Mpaka leo sijaona mtu akisubiri vizuri vile.

Labda shangazi tu. Mchumba wake alikwenda Mererani kuchimba vito, habari zikakatika. Naye akajiwekea ramli yake: steringi akirudi, na wangu atarudi. Kwa wasiwasi alitupa majani ya mlenda, akabakiza vijiti.

"Atarudi huyu?"

"Steringi hafi, shangazi," nilijibu, mie niliyekuwa naogopa hata kuchungulia kibanda cha video.

"Nani kauliza kufa, we mtoto? Nimeuliza kurudi!"

Picha yenyewe ilikuwa ndefu. Tuliirudia siku nyingi, na kila mara treni ya mwisho ikianza kutokeza, muadhini naye anaanza magharibi yake, na jirani, mtu wa swala, anazima jenereta. Tunarudi nyumbani na roho juu, mwisho hatujauona, tunakula mlenda wa vijiti.

Jirani hayupo tena. Deki iliishia kuwa kiota cha kuku. Mchumba hakuonekana, shangazi aliolewa kwingine, akafiwa na mume, akarudi kwenye baraza ileile. Sasa nikamwita aje aone simuni. Akasogeza miwani, akatazama mpaka karibu na mwisho. Treni ya mwisho ilipoanza kutoa moshi, nikaongeza sauti.

"Zima," akasema. "Wanaadhini."

Nikatega sikio. Ilikuwa saa nne asubuhi, kuku tu wakiparua uani.

Nikazima.