Tuliza Jicho

Mtu hutulizaje jicho? Nilijiuliza hivyo miaka ya tisini, katika chumba chenye giza cha hospitali moja mjini Kakamega, nikiwa na digrii mpya ya uchumi ambayo siku hiyo haikunisaidia chochote.

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Uzi mmoja aliuona nyuzi mbili, miwani ya kila namna ilishindwa, na mwenye duka alishamwambia kwamba mwezi ukiisha bila nafuu, cherehani atapewa mwingine. Ndipo madaktari wageni wakaja na mashine ya kumulika miduara ya mwanga juu ya jicho na kuipiga picha.

Mpiga picha alikuwa kijana wa koti jeupe lililopigwa pasi kupita kiasi. Picha ya kwanza ikatoka miduara imevutika upande wa chini, kama yai.

"Umetingisha jicho," akasema. "Tuliza."

Ya pili, yai. Mama akafungua leso yake kiunoni, akamfunga mdogo wangu kichwa kwenye mashine, jinsi anavyofunga kuku wa kupelekea wakwe.

"Huyu hata kanisani hatuliangi, daktari," akamshtakia.

Ya tatu, yai. Waliokuwa kwenye foleni nao wakageuka wataalamu: asipumue, asimeze mate, afikirie maji yaliyotuama. Mpiga picha akaamua kwamba mgonjwa ni mkaidi, arudi mwakani.

"Samahani, daktari," nikasema. "Kama anatingisha, mbona yai linaelekea chini kila mara? Jicho lake lina ratiba?"

"Dada, umesomea macho?"

"Uchumi."

"Basi kaa na uchumi wako."

Nikazichukua picha, nikampelekea daktari mwenyewe chumba cha pili. Akazipandanisha dirishani, zikalingana. Jicho halikuwa na hatia. Konea, kile kioo chake cha mbele, ndiyo iliyochongoka. Wageni walikuwa na lenzi ndogo ngumu za kukaa juu ya jicho, wakamjaribishia mpaka moja ikamkaa. Wiki hiyohiyo alitunga uzi kwenye sindano mbele ya mwenye duka, kwa madaha yasiyo ya lazima. Mama aliwaambia majirani kwamba leso ndiyo iliyosaidia.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hakuna jicho linalotulia. Hata ukikodolea kitu kimoja, hutetemeka kidogo bila mwenyewe kujua, na taswira ikizuiwa kabisa isicheze ndani ya jicho, unachokitazama hufifia mpaka kikatoweka.