Niliufungua Mtungi Katikati ya Maombi

Hii story naomba mnicheke polepole, maana aibu yenyewe bado sijaimaliza, na mpaka leo mtu akifungua soda karibu yangu naangalia pembeni. Ubaya ni kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia. Wiki ileile nilikuwa nimesimama mbele ya Form Three pale Kikima, chaki mkononi, nikiwaeleza kwamba gesi ni chembe ndogo zinazokimbia ovyo na kugonga kuta za chombo, ukizipasha joto zinakimbia zaidi na kugonga zaidi, na kama chombo kimefungwa basi presha inapanda tu. Waliokosea hilo swali niliwaandikia kwa kalamu nyekundu, "Fikiria kabla ya kujibu."

Jumamosi tukaenda Kibwezi kwa kina Mwende, mchumba wangu, kupeleka mbuzi wa ntheo (bila hao mbuzi wewe kwa Wakamba si mkwe, ni mpita njia tu). Mama Mwende ni mtu wa kanisa na alikuwa ametuma neno mapema: soda sawa, asali sawa, pombe isikanyage boma lake. Alikuwa na sababu. Mume wake alikunywa mpaka akafa, na tangu azikwe hakuna tone lililowahi kuingia pale. Lakini anko wangu Mutisya, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, akaniambia babu ya Mwende hawezi kubariki ntheo bila kuonja kaluvu, ile pombe yetu ya asali, hata kama ni kikombe kimoja nyuma ya nyumba. Nikakubali, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Anko alikuwa nayo kwenye kitete, yaani kibuyu, mdomo umezibwa na majani. "Hii bado inachemka," akaniambia. "Ibebe hivi hivi, ipumue." Mimi nikaona kitete kitatuuza, harufu itajaa gari, nikaimimina kwenye mtungi wa plastiki wa lita tano mpaka karibu na shingo, nikaweka karatasi ya nailoni juu, nikakaza kifuniko na nguvu zote (nilishikilia mtungi na magoti kabisa).

"Anko, mambo ya sayansi niachie mimi," nikamwambia.

Sasa Kikima asubuhi ni sweta, na Kibwezi saa sita ni jua la kukaanga. Tulipofika, kaka yake Mwende akatoa vitu kwa buti na kuniuliza huo mtungi una nini. Nikasema asali. Nilidhani ataupeleka stoo, kumbe yeye akaona zawadi nzuri hivyo inafaa kuonekana, akauweka juu ya meza ya mbele, nje kabisa ya kivuli cha hema, kando ya kiti cha Mama Mwende.

Mama Mwende akasimama, amevaa nguo nyeupe na kitambaa kichwani. "Mimi nilimwomba Mungu anipe mkwe asiyekunywa," akasema. "Leo nimemwona." Wamama wa kanisa wakapiga makofi, nami nikauangalia mtungi. Ulikuwa umefura mbavu zote, na chini umekuwa mviringo, unayumba kidogo wenyewe.

Pasta akasema tufunge macho. Yangu yalikataa. Nilikuwa naona zile chembe zinavyogonga, na kaluvu ndani inaendelea kutengeneza gesi nyingine kila dakika, na mtungi uko pale karibu na bega la mama wa watu. Nikaamua nitanyata, nilegeze kifuniko kidogo tu, gesi itoke polepole, nirudi kabla ya amina. Nikanyata. Nikazungusha.

Kifuniko kilienda juu ya hema. Kaluvu ikaruka, ikashukia meza, Biblia ya pasta, na kitambaa, uso na nguo nyeupe ya Mama Mwende. Na mimi, badala ya kusimama pale nife kimya, nikatoa leso nikaanza kumpangusa uso. Jamani, kwetu mwanaume na mama mkwe wana nthoni, ile heshima ya kukaa mbali, hata mkono hawapeani. Mimi nikamshika mashavu, mbele ya kanisa, kabla ya amina.

Babu peke yake ndiye aliyefurahi. Alilamba mkono wa koti lake akasema, "Imeiva." Hakuna aliyecheka. Mama Mwende alivua kitambaa, akakinusa. "Hii harufu naijua," akasema bila kuniangalia, akaingia nyumbani. Nilitamani anitukane.

Mwende, ambaye anafundisha hesabu, alinisindikiza hadi kwa gari. "Wiki hii ulifundisha nini Form Three?" akaniuliza.

Tulirudi Kikima na mbuzi wetu wote, na njia nzima anko hakusema hata mara moja kwamba aliniambia. Miezi miwili baadaye tukaenda tena, na mbuzi mwingine juu, wa kuosha kosa la kuvunja ile nthoni. Nilisimama mbele ya familia nikasema ukweli wote, mpaka ule wa kuita pombe asali. Mama Mwende akawapokea mbuzi, halafu akamtuma Mwende aniambie, "Angesema tu pale langoni, mtungi ungefunguliwa nje."

Hayo maneno hunijia darasani kila nikifika kwa somo la ile gesi kamilifu (ideal gas), ambayo hata vitabu vinakubali haipo duniani, kwa sababu mimi nilijifanya mkwe wa aina hiyo. Niliapa kwamba kitu chochote nikiulizwa ni nini, nitakitaja kwa jina lake.

Krismasi iliyopita tulipeleka mtungi wa maji ya kunywa, maana kule yalikuwa yameadimika. Mama mkwe akatuma mtu aje kwa gari aniulize una nini ndani. Nikasema ni maji. Mtu akaenda, akarudi: Mama amesema ufunguliwe kwanza, mbali na nyumba, na si mwalimu afungue. Nikakaa ndani ya gari mpaka wakamaliza.