Mafuta ya Marehemu

Taa ya injini ilianza kupepesa tulipoziacha nyumba za mwisho za mji na barabara ikaanza kupanda. Gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, nguvu zikaisha, nikalisogeza pembeni. Mama mwenye nyumba wangu, aliyekaa kiti cha nyuma, alishika begi lake kwa mikono miwili.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi alitakiwa kufika Muramvya, juu milimani, kwa wakwe zake, kwenye kuganduka, siku ya kuondoa matanga ya mumewe. Gari lilikuwa la marehemu. Shemeji zake walikuwa wameshasema kwamba mwanamke hawezi kutunza gari, bora walichukue wao kabla halijaoza. Naye aliwajibu kwa simu: "Nitakuja nalo." Mimi nimepanga chumba cha uani kwake, mtaa wa Nyakabiga, na kwa kuwa nimeendesha magari ya watu katika miji mingi bila kukaa sana popote, aliniomba nimpeleke. Siku hiyo tulikuwa tunalijaribu tu.

Taa hiyo naiogopa. Ikiwaka na kutulia, unaweza kufika nyumbani ukamtafuta fundi kesho yake. Ikipepesa, petroli inapita kwenye injini bila kuungua, inakwenda kuungulia kwenye ekzosi, na ukilazimisha utaharibu vingi kuliko kilichoharibika. Niliacha injini ipoe, nikageuza gari, tukateremka polepole hadi kwa fundi mmoja ninayemfahamu, nyuma ya maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda.

Fundi alichomeka kimashine chake chini ya usukani. Kikasema silinda ya tatu inakosa moto. Akaichomoa bobini yake, kile kidude kinachopeleka umeme kwenye buji, plagi ya kuwashia petroli, akaibadilisha na ya silinda ya kwanza.

"Kosa likihama nayo, tumemukamata mwizi," akasema. "Shofere, panda nayo."

Nikapanda mlima. Taa ikapepesa palepale. Kurudi, kimashine kikataja silinda ya pili na ya nne, si ya kwanza; mwizi hakuwa bobini. Tukaweka buji mpya, nikapanda tena, ikapepesa tena. Joto la mji huu wa kando ya ziwa lilikuwa limenilalia mgongoni, shati limenata, na kila safari ilikuwa inakula mafuta katika mji ambao mafuta hayapatikani. Lakini pale garaji, kwenye tambarare, injini ilinguruma taratibu kama mpya.

"Hii gari iko na malaria," fundi akasema. "Hapa kwangu inacheka. Ikiona mulima, inatetemeka."

"Labda inaogopa wakwe," nikasema.

Mama akacheka kidogo, halafu akaacha.

Nilijilaza kwenye kipande cha boksi kando ya gari kwa uchovu, macho yakiangalia tangi. Shule niliiacha mapema, lakini swali likiniingia halitoki. Mlimani kinabadilika nini? Injini ni ileile, umeme ni uleule. Kinachohama ni petroli tu: gari likiinua pua, petroli inakimbilia nyuma. Nikamwambia fundi. Akanitazama, akaenda kufungua kifuniko cha tangi. Mpira wake ulikuwa umepasuka kama kisigino wakati wa kiangazi.

"Mama, gari ilikaa inje?"

"Mwaka mzima. Hatuna paa. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa ninaliwasha, ninakaa ndani, ninalizima."

Fundi akaingiza mpira mrefu hadi chini kabisa ya tangi, akavuta, akajaza chupa ya plastiki, akaiweka juani. Tukangoja. Juu pakawa na rangi ya chai nyepesi, chini pakawa peupe, na mstari katikati.

"Maji ya mvua," akasema. "Kwenye tambarare yanalala chini. Mukipanda, yanaingia kwenye pampu. Lazima tutoe mafuta yote."

"Apana," mama akasema.

Tukamwangalia wote wawili.

"Yale mafuta ni yeye aliyeyaleta. Alilala kwenye foleni ndani ya hili gari. Alirudi asubuhi amekunjamana, anajisifu, tangi imejaa. Wiki iliyofuata akaingia hospitali. Mi ninawasha kidogokidogo tu, yasiishe."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Siyamwagi, mama." Akavuta dumu tupu la plastiki. "Nitayaweka mu hii bido mpaka kesho. Maji yatashuka. Ya juu yatabaki ya kwako."

"Yatatosha kufika?"

"Kufika, ndiyo. Kurudi, mulima utawashusha wenyewe."

Mama aliitazama ile chupa juani. Sijui alikuwa anapima nini. Kisha akasema, "Toa," akaenda kusimama barabarani, mgongo umetugeukia, mpaka bido lilipojaa.

Ijumaa tulimimina mafuta ya juu tangini kupitia kitambaa, tukaacha kama robo chini, maji na uchafu. Fundi alisafisha pampu, akakata mpira mpya wa kifuniko kwenye tyubu ya pikipiki. Nilipanda mlima peke yangu mara moja. Taa haikupepesa. Hata sikufurahi, nilitaka kulala.

Jumamosi mama alikaa tena kiti cha nyuma. Pale ambapo gari lilikuwa limetushinda, aliinama mbele akaangalia taa juu ya bega langu, na hakurudi kuegemea kiti mpaka tulipoingia uani kwa wakwe. Alishuka, akaninyooshea mkono, nikampa ufunguo.

Walipoanza kugawana bia nilibaki nimelala kwenye usukani. Kaka mkubwa wa marehemu akagonga kioo. Alikuwa ameshalizunguka gari, ameshapiga matairi teke.

"Shofere, inatembea vizuri? Nipe ufunguo niisikilize."

"Ufunguo ninao? Muulize mwenye gari."

Alisimama hapo kidogo, mkono juu ya paa. Kisha akavua kofia, akaenda kule alikokaa mama.