Miguu ya Mama Mbele ya Mkwe

Nakiri mapema ili tusisumbuane: niliipiga picha miguu ya mama akiwa amesinzia, nikaiweka kwenye status na maneno "Mihogo ya kwetu Nshambya, imekomaa, njoo na gunia." Ubaya zaidi, nilitumia simu yake mwenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu, najiona mjanja kuliko walimu wote, na haikunijia akilini kwamba status ya mama inatazamwa na watu wa mama.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba ya mdogo wetu wa mwisho. Asubuhi miguu yake ilikuwa miguu. Ikifika saa tisa vifundo vimepotea, na ukibonyeza kwa kidole kinabaki kishimo. Kliniki nilimsindikiza mimi, nikabeba mkoba na kusikia kila kitu. Nesi alimpima presha, akapima mkojo, akasema uvimbe ule ni wa kawaida. Anyanyue miguu akipumzika, asikae wala kusimama muda mrefu bila kujinyoosha, atembee kidogo, azungushe vifundo, alalie ubavu wa kushoto, na maji aendelee kunywa. "Ila uso au mikono ikivimba, kichwa kikiuma bila kuacha, macho yakiona ukungu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, usingoje kesho. Njoo."

Basi kila nikitoka shule nilimkuta amekaa kwenye kiti, miguu juu ya stuli na mito miwili. Ilikuwa inasaidia kweli. Hapo ndipo nilipopigia picha yangu ya kijinga.

Shangazi aliiona kule Izigo, akamwonyesha bibi mzaa baba. Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta bibi anashuka kwenye bodaboda na mkungu wa ndizi.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "nimesikia huku mnauza mihogo."

Nikakimbilia ndani kwenye simu ya mama, nikafuta picha, lakini bibi hafutiki. Mama alipomwona mlangoni aliruka kwenye kiti, stuli ikasukumwa uvunguni, akapiga magoti na kumsalimu kwa neno letu la heshima, "Karibu, waitu." Kisha akatandika mkeka, akakunja miguu upande kama wanavyokaa wanawake wa kwetu, akaanza kumenya ndizi. Kiti akapewa bibi, akakikataa, akakaa mkekani pia, wakiwa uso kwa uso.

Siku mbili nzima ikawa hivyo. Kwetu mkamwana hamnyooshei mama mkwe nyayo, sembuse kuziweka juu ya mto kama malkia. Mama alikunja miguu hadi ikang'aa kama bilinganya. Nikamnong'oneza jikoni, "Mama, panda kitini."

"Mbele ya mama mkwe? Unataka aende Izigo akaulize nililelewa wapi?"

"Nesi alisema…"

"Nesi hajaolewa kwenye ukoo huu."

Nikamwuliza kama kichwa kinamuuma. Akasema hapana. Macho je? Anaona vizuri, na ananiona mimi nikikwepa kwenda kuchota maji. Nikacheka, lakini nikaitazama miguu yake. Miaka kumi na sita nimeiona miguu ile ikienda sokoni, ikienda shamba, ikinifukuza na fimbo, na sijawahi kuifikiria. Sasa ilikuwa inazidi kuvimba, na aliyemleta bibi ni mimi. Mtoto akipata shida, au mama akipata shida, nitamwambia nani kwamba ulikuwa utani?

Jioni ya siku ya pili mama alitoka kwenda chooni. Nikakaa karibu na bibi, aliyekuwa akimenya ndizi. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa kuanzia, nikauacha.

"Bibi, mama anatakiwa kunyanyua miguu. Nesi ndiye aliyesema. Hanyanyui kwa sababu upo."

Bibi akaacha kisu.

"Kwa hiyo mimi ndio ninayemvimbisha?"

"Sikusema hivyo, bibi."

"Umesema. Nimesikia."

Mama aliporudi, bibi alikuwa amesimama, ameshika mkeka. Akauburuta hadi mlangoni, akautandika kuelekea uani, akakaa akitupa mgongo sisi wote.

"Nina joto," akasema bila kugeuka. "Natazama migomba. Yaliyo nyuma yangu siyaoni. Wewe mume wangu, toa hiyo stuli uvunguni, usidhani sijaiona."

Mama alibaki amesimama katikati ya chumba. Nilitoa stuli, nikaweka mito. Akakaa polepole, nikamnyanyulia mguu mmoja, kisha wa pili. Ilikuwa mizito, yenye joto, wala haikufanana na mihogo. Bibi aliendelea kuangalia migomba na kuuliza habari za mbolea, mama akamjibu kutoka kitini, na mazungumzo yakaenda vizuri kuliko siku zote mbili zilizopita.

Ila ndizi zilikuwa zimemenywa nusu tu, na bibi hakuwa na mpango wa kurudia kisu. Nikaanza kunyata kuelekea uwanjani. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba kumenya ndizi si kazi ya wanaume.

Mama hata hakufungua macho. Akasema: "Chukua kisu, ukae hapo chini. Na kabla ya kukaa niletee maji ya kunywa."